Kidole kidogo hakifiki

Wiki ya tatu sasa niko kwenye gitaa na "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry, ya 1958. Jirani zangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, wameshaizoea.

Mwanzo wake nimeushika. Kinachonitesa ni mdundo: wimbo uko kwenye ufunguo wa Si bemoli, kidole cha shahada kinabana freti (vile vyuma vya shingo ya gitaa) ya sita, cha pete ya nane, halafu kidogo kinyooke hadi ya kumi, kirudi, kinyooke tena. Dakika moja tu, kiganja kinawaka moto.

Yaya, mkubwa wangu, alinifundisha kwa mtindo wa Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga: dole gumba na shahada. Mediatori, kile kipande cha kukwaruzia nyuzi, sikuwahi kushika! Nimejikatia moja kwenye kadi ya simu. Inalia vizuri kabisa.

Jana usiku, umeme umekatika, kidole kikafika.