Keria ya nyuma ya SUV: nilivyoipakia bila kulilemea gari

Watu wakiona keria, yaani fremu ya kubebea mizigo, iliyochomekwa nyuma ya gari langu huuliza jambo moja: inabeba kilo ngapi? Imeandikwa kilo 227, yaani ratili 500. Lakini hiyo ni namba ya keria, si ya gari. Kabla ya kuifunga nilitaka kujua gari langu linakubali nini, na jibu hilo nililipata kwenye kitabu cha gari.

Sababu ya kuitafuta keria ni safu ya tatu ya viti. Vikikaliwa vyote, buti linabaki na nafasi ya mikoba miwili mitatu tu. Reli za paa ninazo, ila kunyanyua sanduku la zana mpaka juu ya kichwa si kazi ya mtu mmoja. Tena mzigo ukikaa juu, gari huyumba zaidi kwenye kona na mafuta huliwa zaidi kwa kupigana na upepo. Keria ya nyuma iko usawa wa magoti, na bodi la gari linaikinga na sehemu kubwa ya upepo.

Gari lilikuja na chuma cha kuvutia trela chenye tundu la mraba la inchi 2. Pima tundu lako kabla hujalipa hela ya mtu, maana kuna matundu mengine ya inchi moja na robo, na mengi ya hayo yametengenezwa kwa mizigo midogo. Zipo adapta za kuchomeka keria kubwa kwenye tundu dogo. Binafsi siziafiki: adapta haikiongezei chuma nguvu hata chembe, na juu ya hapo inausukuma mzigo mbali zaidi na gari.

Kitabu cha gari langu kinaruhusu kilo 100 za kukandamiza chuma hicho kwenda chini. Keria yenyewe ina kilo 25, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka zimebaki 75. Sikuishia hapo, kwa sababu kikomo hicho kimewekwa kwa kufikiria trela, ambayo uzito wake hutua pale kwenye chuma, karibu na bampa. Keria inauning'iniza mzigo nyuma zaidi. Aliyewahi kubeba mzega anajua: refusha upande mmoja, na ndoo ileile inakuwa nzito. Watengenezaji wengine wa magari huandika kabisa kikomo kidogo zaidi kwa mzigo wa namna hii, na wengine hawaruhusu keria kabisa, kwa hiyo kisome kitabu chote.

Nilichukua futi na kupima. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.8, na katikati ya keria iko mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Nikipakia kilo 55, jumla pamoja na keria ni 80. Lakini magurudumu ya nyuma hayaongezewi 80. Yanaongezewa 120, kwa sababu mzigo ukilala nyuma ya ekseli huinua pua ya gari, na ya mbele yanapunguziwa 40. Hapo ndipo usukani unapoanza kuwa mwepesi na tairi za mbele kupungua mshiko, wakati ndizo zinazofanya kazi kubwa ukikanyaga breki. Taa nazo huangaza juu na kuwapofusha wanaokuja mbele yako.

Basi nikajiwekea 55 na sijawahi kuona haja ya kuzidisha. Vitu vizito, kama zana, maji na jiko, vinaingia ndani na kulala sakafuni, vimebanwa kwenye mgongo wa kiti. Keria inapata vitu vikubwa kwa umbo lakini vyepesi: mahema, viti vya kukunja, magodoro ya sponji, na chochote chenye tope au harufu. Vyenye uzito kidogo miongoni mwa hivyo navisogeza upande wa bampa. Petroli siiweki pale, hata dumu dogo. Ukigongwa kwa nyuma, keria ndiyo inayopokea pigo la kwanza.

Nikishapakia napima kimo cha bodi kutoka chini mpaka ukingo wa bodi ulio juu ya kila gurudumu, na kulinganisha na vipimo vya gari tupu nilivyoviandika ukutani. Nyuma ikikaa sana, natoa kitu. Tairi za nyuma najaza upepo kwa kiwango cha gari lililobeba, kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na taa za mbele nazishusha kwa kigurudumu kilicho kando ya usukani.

Kelele ilikuwa kero kubwa kuliko nilivyotegemea. Mkono wa keria hauwezi kulijaza tundu barabara. Lazima kuna upenyo mdogo, na kwenye kila tuta unasikia chuma kikigonga chuma. Pini ya milimita 16 inazuia keria kutoka, haizuii kucheza. Dawa yake ni kibano chenye umbo la U kinachokumbatia tundu na mkono kwa pamoja: nati mbili, unakaza huku mara moja, kule mara moja, mpaka ukiitikisa keria gari lote linatikisika nayo. Baada ya kuendesha kidogo nasimama nakaza tena, maana zinalegea. Mikanda ya racheti nayo ni vivyo hivyo, hasa kama imefunga vitu laini vinavyoendelea kushuka.

Angalia pia ekzosi inatazama wapi. Ya kwangu inatoka upande wa kulia, chini kidogo ya keria, na ukiweka mkono hapo injini ikiwa imewaka unahisi joto likipanda. Upande huo hakai mfuko wa plastiki wala kasha la barafu.

Mzigo uliweza kuficha namba ya gari na taa moja ya breki, na hilo ni kosa la barabarani sehemu nyingi. Nilinunua ubao wa taa unaochomeka kwenye soketi ya trela na kubeba namba, nikaufunga mwisho wa keria. Kamera ya rivasi haina faida tena, inanionyesha mahema, na sensa hulia bila kukoma mpaka nizizime. Kwa hiyo narudi nyuma kwa vioo na mtu wa kunielekeza, nikikumbuka kwamba mkia umerefuka zaidi ya nusu mita. Kwenye miinuko ya ghafla naingia kwa mshazari, ingawa mkono wa keria yangu umepinda kwenda juu ili isiburuze.

Ikiwa tupu inakunjwa na kusimama wima, lakini buti halifunguki vizuri, na wapita njia wanaigonga. Safari ikiisha naitoa nzima: nati mbili, pini, na kilo 25 za kubeba mpaka stoo.