Siku moja maishani mwangu: mshona kofia wa shamba, Pemba, msimu wa karafuu

Nilipokwenda skuli kujaza fomu ya mtoto, penye "kazi ya mama" mwalimu aliandika "hana" kabla sijafungua mdomo. Nikamwachia, nyuma yangu kulikuwa na foleni. Lakini wako wengi wanaodhani kwamba mwanamke wa shamba hushinda barazani na sindano yake, anapiga soga mpaka jua lizame. Basi nimeiandika siku yangu moja ya wiki iliyopita, huku kwetu upande wa Mtambile, vuli imeanza na karafuu zimekomaa.

Saa 11 alfajiri. Nasali, nawasha moto, nabandika chai ya mchaichai na muhogo. Watoto wanaamka kwa kuvutwa. Mume wangu na wachumaji wanatoka na mapolo yao ya kutilia karafuu kabla hakujapambazuka vizuri.

Saa 12 na nusu. Nakaa na kofia. Jirani yangu mgeni aliwahi kuniuliza kwa nini siendi bustanini kwanza wakati kuna ubaridi. Sababu ni mikono. Karafuu mbichi ina mafuta na majimaji yanayoganda kwenye vidole. Ukishachambua pishi mbili tatu, kucha zote zimekuwa kahawia, na bafta ya kofia ni nyeupe pe. Sabuni haiyatoi yote, ndimu husaidia kidogo. Kwa hiyo msimu huu sindano nashika asubuhi tu. Saa mbili hizi ndizo zangu, na mtu akiniita kwa jambo lisilo na moto wala damu siitikii.

Kofia ninayoshona ni ya viua. Ni bafta tabaka mbili, duara la juu peke yake na ubavu peke yake, ua unachorwa kwa penseli kisha unafuatwa kwa uzi. Yale matundu madogo mnayoyaona hayatobolewi kwa mashine. Unapenyeza sindano, unafungua tundu, unalizungushia uzi mpaka mdomo wake ukaze, unahamia la pili. Kofia moja ina mamia ya matundu hayo. Mwenye watoto na shamba humaliza moja kwa miezi. Halafu inafuliwa, inatiwa kanji na kuvalishwa kitu cha duara ili ikauke imesimama.

Aliyenifunza ni mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini akipitisha kidole juu ya kazi yangu anajua pale uzi ulipolegea.

"Fumua hapa."

"Mama, hapo nilimaliza jana."

"Najua. Fumua."

Nikafumua.

Saa 3 kasoro. Bustani. Mchicha, bamia, tungule na bilingani chache. Wakati wa kaskazi nachota maji mpaka mabega yanauma. Vuli mvua inanifanyia kazi hiyo, na magugu nayo yanashukuru. Nimepalilia, nimetia samadi ya mbuzi, nimenyunyiza majivu kwenye mchicha kwa ajili ya wadudu. Chini ya mwembe nimeokota embe zilizotafunwa nusu na popo. Popo wetu wakubwa hawapatikani pengine duniani ila Pemba, wageni hupanda gari kwenda Kidike kuwatazama. Mimi huwatazama bure, nikiwasemea maneno nisiyoweza kuyaandika.

Saa 4. Karafuu za siku chache zilizopita nimezitandaza juu ya majamvi uani. Hili nalo watu hulichukulia rahisi. Karafuu haikauki kwa kuachwa. Inataka jua la siku kadhaa, igeuzwe, itandazwe nyembamba, usiku iingizwe ndani. Ikinyeshewa au ikirundikwa mbichi inavunda, inaota ukungu, na kituoni, pale zinaponunuliwa karafuu, wanakukatia daraja palepale. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu, kwa hiyo kinachoharibika uani kimeshabeba jasho la mchumaji juu ya mti, la mchambuaji na la mwanikaji.

Ndipo akaja mteja wangu.

Kijana wa Mjini, Unguja, ameteremka bandari ya Mkoani na meli, anazunguka vijijini kununua kofia za kwenda kuuza. Adabu anayo.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimpa chai. Nikamtolea kofia niliyoimaliza kabla ya msimu, imo kwenye mfuko, imefungwa kwa kitambaa. Akaiinua juani, akachungulia matundu, akaigeuza ndani, akaivaa, akajipiga picha. Akaivua. Akaivaa tena. "Mashaallah, bi mkubwa, mikono yako haina mfano." Nikajua sasa linakuja lile lenyewe.

"Lakini."

Bei yangu ni 80,000. Akasema 35,000. Nikacheka kwa heshima. Akasema sokoni Darajani, huko Mjini, zipo za mashine, mtu anapata kwa 15,000. Nikamwambia azinunue hizo, ni karibu na kwao, hata nauli ya meli angeiokoa. Akasema wateja wake hawazitaki. Nikamuuliza kwa nini hawazitaki. Akanywa chai.

Akanihesabia nauli. Akanihesabia gesti. Akanieleza kuhusu bibi mmoja wa upande wa Wete anayempa kwa 40,000, na bibi huyo kila msimu anazidi kuwa mpole. Akasema hata wao Unguja mashamba ya karafuu yapo, anajua shida zake. Yapo, kweli, ila kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya kwao na tangu hapo mzigo mkubwa ukawa wetu. Mavyaa, aliyekuwa amelala ndani, akapaza sauti kumkumbusha hilo. Kijana akasema naam, bibi. Akapanda mpaka 45,000.

Halafu akatamka neno ambalo nimelisikia mara nyingi na bado linaniwasha: "Na hii kazi bi mkubwa si unaifanya umekaa tu?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu, upepo ukageuka. Ukiishi na karafuu huhitaji kutazama juu. Nilimwambia, "Mwanangu, mvua," nikaruka. Yeye akaendelea kukaa, miguu yake na viatu juu ya pembe ya jamvi langu, akisema "50,000 ya mwisho, bi mkubwa." Nimekunja jamvi la kwanza, nimeliburura ndani. La pili. Matone yameanza. Watoto wa jirani wamekuja mbio na beseni. La tatu ndilo lenye karafuu zilizokaribia kukauka, zile ukizivunja zinalia, na ndilo alilolikalia.

"Inua miguu!"

"Eh?"

"Miguu, mwanangu, miguu!"

Akainua. Kukunja hakukunja. Mvua ilipomwagika sote tulikuwa ndani, mimi nimeloa mpaka kwenye mifupa, kijana mkavu, ameishika kofia yangu. Hilo namshukuru, kofia haikupata tone. Akataka kurejea 50,000. Nikaichukua, nikaifunga kitambaa chake, nikamwambia mvua ikikatika gari zinapita barabarani.

Mvua ikakatika, akaenda. Jua likatoka kana kwamba halikufanya lolote. Nikatoa majamvi tena, nikatandaza tena, zilizopata maji nimezitenga. Wali na mchuzi wa papa tulikula saa tisa, pengine kumi, sikutazama.

Baada ya hapo ni karafuu tu. Mapolo yakashuka kutoka shamba, wanawake wa jirani wakaja na viti vyao vidogo, tukaanza kuchambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule. Wanalipwa kwa pishi, kwa hiyo mdomo unazungumza na mkono hausimami. Habari za harusi, za nani kaanguka mkarafuuni na mungu kamstiri, za bei. Watoto wamerudi kutoka chuo cha Kurani, wamekula, wamelala, sijui nani kawalaza. Mgongo ukaanza. Umeme ukakatika, tukawasha taa, tukaendelea. Nilipojaribu kuondoa uzi uliokuwa umening'inia kwenye kanga, vidole vilikuwa vimegandana.

Mume wangu akapima pishi ya mwisho, akaandika daftarini, akaniuliza kama ile kofia imekwenda. Nikamwambia haijakwenda.

Simu ikalia ujumbe nikiwa naosha mikono kwa ndimu. Kijana yuko Mkoani, meli ni kesho asubuhi. Anasema 65,000, na atamtuma mtu aje kuichukua. Nikamjibu 80,000, na huyo mtu asije kabla ya saa tatu, nashona.