Nilivyochagua matairi ya DragStar yangu

Pikipiki nyingi hapa Dar es Salaam hazimsumbui mtu kwa tairi. Ukiwa na Boxer unashuka Kariakoo, unataja 2.75-17 ya mbele na 3.00-17 ya nyuma, na kabla hujafunga mdomo muuzaji ameshaziviringisha mpaka miguuni pako. Mimi nina Yamaha DragStar 400 Classic, kruza iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika: injini ya silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, kiti cha chini, madigadi mapana, na uzito wa zaidi ya kilo 230 kabla sijapanda. Mbele inavaa 130/90-16. Nyuma inavaa 170/80-15. Hizo namba ukizitaja, muuzaji anakutazama usoni kwanza, halafu anauliza, "Bosi, hiyo si ya bajaji?"

Tairi ya nyuma ilikuwa imeisha kama zinavyoisha za kruza nyingi. Katikati imekuwa bapa, pembeni mpira bado upo tele. Barabara ya kutoka Kibaha kwenda Chalinze haina kona za maana, kwa hiyo tairi inakanyaga sehemu ileile ya katikati saa nzima, lami ikiwa ya moto. Ukitazama kwa mbali unaweza kudhani bado nzima. Unayajua mambo unapofika kwenye kona: pikipiki inagoma kulala, halafu ikishavuka ule ukingo wa ubapa inalala ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, na ubavuni vimeelekezwa kwa herufi TWI. Mpira ukishuka ukawa sawa na vinundu hivyo, mfereji umebaki na milimita 0.8 hivi, na maji ya mvua hayana tena pa kupitia. Vyangu vilikuwa vimeanza kuguswa na masika ilikuwa inakaribia.

Kabla ya kutaja kampuni yoyote nilichukua kitambaa, nikafuta ubavu wa tairi ya zamani, nikasoma kila kilichoandikwa. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote, na kusema kweli ndio ulionifaa kuliko video zote nilizotazama. Pale palikuwa na 170/80-15M/C 77S. Upana ni milimita 170. Ile 80 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana, yaani milimita 136. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 77 ni namba ya uzito, maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 412. S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa, ambao DragStar 400 haiufikii hata ikisukumwa na upepo. Ya mbele ilikuwa na 67, yaani kilo 307.

Wengi huisoma ile namba ya mwendo kwa shauku na kuiruka ya uzito. Kwenye kruza mambo ni kinyume. Piga hesabu: pikipiki, mimi, mke wangu, begi la safari, na zaidi ya nusu ya mzigo wote huo umeukalia mguu wa nyuma. Tairi yenye namba ndogo ya uzito itaingia kwenye rimu vizuri kabisa, itang'aa, itakupeleka Bagamoyo na kukurudisha. Lakini itakuwa inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, inapata joto, na joto ndilo linaloua tairi. Kwa hiyo niliweka sharti: nyuma 77 au zaidi, mbele 67 au zaidi, chini ya hapo sitaki hata kusikia bei.

Fundi wangu wa Mwenge alikuwa na wazo lake. Ni fundi mzuri, mikono yake naiamini, lakini ana imani kwamba kila tatizo la pikipiki lina jibu kwenye gari. "Kaka, rimu 15 si ya gari hiyo? Tunatafuta ile ya Beetle, mia na sitini na tano, inakaa. Hiyo utaitumia mpaka uchoke." Msidhani ni mzaha. Wapo watu Marekani wanaofunga tairi za gari nyuma ya kruza zao makusudi, kwa sababu hudumu, na 165/80R15 ya Beetle, lile gari dogo la Volkswagen, kwa namba inafanana sana na yangu.

Nilimwonyesha zile herufi M/C. Haziko pale kama pambo. Zinasema tairi hii ni ya rimu ya pikipiki, maana rimu ya pikipiki na ya gari, hata zote zikiitwa 15, hazikuchongwa sawa pale ukingo wa tairi unapokalia. Tairi ya gari inaweza kulazimishwa ikaingia, ila haikutengenezwa kushika pale. Halafu kuna umbo lenyewe. Tairi ya gari ni bapa kwa sababu gari halilali kwenye kona. Mimi nilikuwa naikimbia tairi iliyokuwa bapa kwa uchakavu, halafu ninunue iliyozaliwa bapa? Alicheka, akasema basi, yeye alitaka kuniokolea hela tu.

Rafiki mwingine alinisukumia 180/70-15, eti nyuma ikae pana zaidi, ionekane Harley. Hili nilimaliza kwa kalamu. 170/80 ina kipenyo cha milimita 653 hivi, 180/70 ina 633. Pikipiki ingeshuka sentimita moja nyuma, na kruza tayari ipo chini. Barabara zetu hizi zenye matuta kila kijiji, sentimita moja ya tumboni si ya kugawa bure. Wale wa tairi zenye mstari mweupe ubavuni sitawajadili. Mtu aliyewahi kupita Kimara wakati wa mvua anajua hali ya kitu cheupe.

Kariakoo niliipata 170/80-15 moja hatimaye, Gerezani, imening'inia juu kabisa karibu na bati. Jina la kampuni sikuwahi kulisikia, lakini namba zote zilikuwa sawa, hata ile 77. Bei nzuri. Nikaomba ishushwe, nikaigeuza nikitafuta zile tarakimu nne zinazofunga maandishi yanayoanza na DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Hesabu ikaonyesha ile tairi ina zaidi ya miaka minane, na miaka yote hiyo, kwa vumbi nililolikuta, nadhani ilikaa palepale chini ya bati la Dar. Ukiikunja kidogo kwenye mfereji unaona nyufa nyembamba mithili ya nywele. Muuzaji akaniambia, na aliamini anachosema, "Hii mpya mzee wangu, haijawahi kugusa barabara." Kweli haikuwahi. Mpira haungoji barabara ili uzeeke. Unakauka kwa joto na hewa hata ukiwa umefungwa kwenye nailoni. Michelin wenyewe wanashauri tairi ikaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya kufikisha miaka mitano, na ikifika kumi tangu kutengenezwa ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Kwangu mimi, tairi ya miaka minane si ya kununua. Nilimshukuru, nikamrudishia.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba tairi zangu haziko nchini, na kwamba nitaagiza. Nina binamu Dubai, na kago ya kutoka huko kuja Dar ni njia ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo wameizoea kuliko njia ya kwenda kwao. Nilikaa na orodha: Shinko 777, Dunlop D404, Metzeler ME 888, Michelin Commander II. Zote ni tairi za kruza, zote zilikuwa na saizi zangu. Shinko ndiyo ya bei ya chini. Nikaanza kuielekea kama mtu yeyote mwenye akili.

Kilichonigeuza ni bili ya kago. Msafirishaji hajali umeandika jina gani kwenye boksi. Anatoza kwa uzito au kwa nafasi. Tairi ya bei nafuu na tairi ghali zinalipa nauli ileile. Ongeza ushuru, ongeza fundi, ongeza usumbufu wa kumtuma binamu anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Ukijumlisha vyote, tofauti ya bei dukani, iliyoonekana kubwa, inanywea. Kinachobaki kuwa na maana ni tairi itakaa muda gani kabla hujarudia zoezi zima. Mtu wa Ujerumani anayeletewa tairi mlangoni anaweza kununua ya bei ya chini na kuibadilisha mapema. Mimi nilikuwa nanunua muda. Commander II imejengewa sifa yake kwenye kudumu, basi nikachagua hiyo, mbele na nyuma.

Kwa nini zote mbili wakati ya mbele ilikuwa na uhai kidogo? Kwanza ilikuwa imeanza kuchakaa kwa mawimbi, sehemu juu sehemu chini, ukipitisha kiganja unasikia. Pili, kuna suala la muundo. Namba za Michelin hizi zimeandikwa 130/90B16 na 170/80B15. Ile B badala ya kistari inaonyesha nyuzi zilizopishana kwa mshazari kama za kawaida, ila juu yake kuna mkanda wa kuimarisha. Ikiwa R, ni radial, ambayo nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na ubavu wake unacheza zaidi. DragStar ilitoka kiwandani na za mshazari, zenye ubavu mgumu wa kubeba uzito. Kuchanganya radial mguu mmoja na mshazari mguu mwingine bila ruhusa ya mtengenezaji ni kuiambia pikipiki ipinde kwa tabia mbili tofauti. Sikutaka mbele na nyuma vizozane nikiwa mlima Kitonga nyuma ya lori la mbao.

Nilimwagiza binamu mambo mawili tu: apige picha ya zile tarakimu nne za kila tairi kabla ya kulipa, na anunue tyubu mbili za saizi hizohizo pamoja na utepe wa rimu. Watu husahau hili la tyubu. Rimu za DragStar ni za spoki, hewa ingepita kwenye matundu ya spoki, kwa hiyo tyubu ni lazima. Tairi za Commander zinakubali kutumika na tyubu kwenye rimu ya namna hii. Na tyubu mpya huingia na tairi mpya. Ile ya zamani imeshavimba na kukunjamana kwa umbo la tairi iliyotoka, ukiirudisha itakunjika, mkunjo utasuguana, na utapata pancha usiku, sehemu isiyo na mtu. Utepe nao ndio unaoilinda tyubu na ncha za spoki.

Picha zilikuja. Ya nyuma ilikuwa na miezi michache tu tangu kutengenezwa. Ya mbele aliyopewa kwanza ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, akaambiwa ndiyo iliyopo. Akamwambia muuzaji atafute tena, ikatoka nyingine ya mwaka mmoja na ile ya nyuma. Ilikuwepo stoo muda wote.

Kufunga tulifunga Mwenge. Fundi alishika kopo la oili ya injini kulainisha ukingo kama kawaida yao, nikamwomba atumie maji ya sabuni. Oili inaula mpira na inabaki inateleza, tairi inaweza kuzunguka juu ya rimu ukishika breki kwa nguvu na kung'oa vali. Alikubali bila ubishi. Mshale wa ubavuni tuliuelekeza upande gurudumu linakozungukia. DragStar haina cheni, inaendeshwa kwa shafti, kwa hiyo gurudumu la nyuma likishatoka ni nafasi ya kusafisha yale meno yanayoingiliana na shafti na kuyapaka grisi mpya. Ukiliacha hilo lipite utalifungua tena gurudumu zima kwa ajili hiyo tu.

Upepo nilijaza kwa kipimo changu, si kwa kupiga teke. Mbele psi 28, nyuma 33 nikiwa peke yangu, 36 nikiwa na abiria, asubuhi tairi zikiwa baridi. Kilomita kama mia na hamsini za kwanza nilikwenda taratibu, maana mpira mpya una utelezi mpaka ngozi ya juu iondoke.

Tofauti niliisikia kwenye mizunguko ya barabara kabla ya kuisikia barabara kuu. Pikipiki inalala polepole, kwa kipimo kimoja, na inasimama yenyewe. Kwenye mifereji ambayo malori yameichimba kwenye lami ya Morogoro, usukani umeacha kuvutwavutwa. Mke wangu, ambaye hana habari na namba yoyote, aliuliza kama nimebadilisha kiti.

Sasa kila nikijaza upepo natazama na vile vinundu vya TWI. Nitaagiza ya nyuma ikiwa bado iko juu yake kwa milimita mbili, kwa sababu meli haina haraka na forodha haina haraka zaidi.