Mheshimiwa alivyoonja maji yetu

Mwakilishi wetu wa wadi alikuja barazani Jumamosi baada ya alasiri, bila msafara wala fulana za chama. Nilikuwa nimejipanga kumsema. Mfereji wetu huku Kisauni, Mombasa, ulikuwa umekauka tangu kabla ya Ramadhani, na mitungi ya lita 20 tunanunua kwa wenye mikokoteni.

Akaanza hotuba. Bibi wa nyumba ya pili akamkata: "Mwanangu, maneno tumeshiba. Onja haya." Akampa kikombe cha maji ya kisima. Mheshimiwa akapiga funda moja, uso ukamkunjamana. Chumvi tupu!

Hapo akanyamaza, akatoa daftari. Tangu Katiba ya 2010 kusambaza maji ni kazi ya kaunti, kwa hivyo hata kuisingizia Nairobi hangeweza.

Jumanne mafundi wakaja, wakafukua karibu na mbuyu, wakakuta bomba limezibwa na mizizi. Alhamisi usiku mfereji ukakohoa, ukatema kutu, kisha maji. Nilijaza hata sufuria za pilau.

Taa ya kichochoroni aliyoahidi bado. Namba yake ninayo.