Bandari ya Mji Mkongwe hutazamwa kwa hesabu ya maji

Wengi wanaokuja Unguja kutazama vyombo vya bahari na historia yake huuliza makumbusho yanafunguliwa saa ngapi. Mimi huuliza kwanza leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa na maonyesho makubwa ya bahari pamoja na mfano wa mtepe, chombo cha kale cha kushonwa, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na tangu hapo limekuwa la kutazamwa kwa nje ya uzio. Kilichobaki ni ufukwe wenyewe, kuanzia Forodhani hadi Malindi. Huo haufungwi na mtu, ila una saa zake.

Kuna sababu ya maji kuwa na nguvu hivyo hapa. Kabla ya gati la kina kirefu kujengwa Malindi miaka ya 1920, meli kubwa zilitia nanga nje na mizigo ikaletwa pwani kwa matishari. Majahazi yaliingia maji yakijaa, yakangoja yapwelewe, kisha makuli wakashusha mzigo mchangani kwa miguu. Kupwa na kujaa ndiko kulikokuwa gati. Ukifika maji yamejaa utaona milingoti na matanga yaliyokunjwa, basi. Ukifika yamekupwa utaona chombo kizima kuanzia mkuku, ule uti wake wa chini.

Hesabu ninayotumia ni ya wavuvi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa mjini saa kumi na kitu, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne na nusu, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mwezi tano, kwa mfano, umeongeza siku nne, yaani dakika 200: maji yatajaa baada ya saa moja asubuhi na kupwa baada ya saa saba mchana. Hesabu hii hukosea, kwa sababu nyongeza ya kila siku si moja. Karibu na bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huwa chini ya dakika 50, na karibu na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huzidi. Ukikosea kwa saa nzima usishangae. Linganisha na jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kutazama popote.

Siku nzuri ni mwezi mbili hadi nne, au kumi na sita hadi kumi na nane, kwa kuwa bamvua huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji mafu, kwenye mwezi kumi au ishirini na nne, tofauti huwa mita moja na kitu tu, vyombo vikaelea kutwa, na safari yako ikawa ya kutazama mbavu zilizozama nusu. Fika saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, uwafuate wanaoshuka. Ubaya wa bamvua ni kwamba kupwa kwake kunaangukia jua kali, saa tano na saa sita. Kofia, maji ya kunywa, na viatu visivyoharibika kwa chumvi. Kandambili hunasa topeni na kukatika. Afadhali makubadhi ya plastiki yenye mkanda wa nyuma.

Malindi kuna mambo mawili yasichanganywe. Lango la bandari, wanakopita abiria wa boti za Dar es Salaam na Pemba na makontena, ni eneo la ulinzi: hutaingia bila shughuli, na picha hazipigwi, hata kwa simu, hata kama unapiga kasha la karafuu. Upande wa soko la samaki na vyombo vya tanga ndiko kwa kwenda. Huko nako kuna adabu yake. Toa salamu kabla ya jicho kuzunguka: “Asalaam aleikum, mafundi. Naomba kutazama kazi.” Ukiitikiwa, umeruhusiwa. Nahodha mwite nahodha, na mtu mzima mpe shikamoo yake. Usiruke kamba iliyofunga nanga, na usisimame upande ambao chombo kimeinamia. Chombo kilichopwelewa huegemezwa magogo, na magogo huteleza.

Sasa kisome chombo. Anza tezi, yaani nyuma, si omo, yaani mbele. Tezi bapa, iliyokatwa, ni jahazi au mashua, na tofauti ya hawa wawili ni ukubwa. Chombo kilichochongoka mbele na nyuma ni cha ukoo wa dau, na mabumu ya Ghuba yalikuwa hivyo pia. Ngalawa huwezi kuikosa: mtumbwi wa gogo moja, mara nyingi mwembe, wenye matengo mawili, mbao za kuuzuia usipinduke, yaliyoshikwa kwa mirengu, miti ya kukingama, ubavu huu na huu. Kisha tazama juu. Foromali, mti unaobeba tanga, mara nyingi ni miti miwili au mitatu iliyofungwa pamoja, na huwa ndefu kuliko mlingoti. Hapo ndipo shida ya tanga la pembe tatu ilipo: kubadili upande, foromali nzima lazima ipitishwe mbele ya mlingoti. Upepo ukiwa mkali nahodha hugeuza chombo kwa kuuelekezea upepo tezi, si omo, na ndiyo maana huhitaji nafasi kubwa ya bahari kwa jambo linaloonekana dogo. Siku hizi vingi vina mashine, na mlingoti umefupishwa au haupo.

Kisha inama utazame viungo vya mbao, kwa karibu, sentimita kumi hivi. Katikati ya mbao mbili utaona uzi mweupe au wa manjano: hiyo ni kalafati, pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikagongwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Ikigongwa kidogo hutoka baharini. Ikigongwa kupita kiasi hupanua nafasi na kulegeza misumari. Sikiliza fundi anavyogonga. Mlio mzito huwa mkavu pamba inapojaa, naye huhama hatua moja. Misumari nayo haipigwi hivi hivi. Tundu hutobolewa kwanza kwa keke ili ubao usipasuke, na shingo ya msumari huzungushiwa pamba yenye mafuta ili maji yasifuate chuma hadi ndani. Sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani chokaa na mafuta ya mnyama, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Mafuta ya papa, sifa, hupakwa sehemu iliyo juu ya maji, na kama umewahi kuyanusa huhitaji kuuliza yametumika wapi. Chombo kikikaa juani wiki nyingi, mbao husinyaa na viungo kufunguka. Kikirudi majini huvuja siku za mwanzo hadi mbao zivimbe zijifunge zenyewe. Kwa hiyo ukiona mtu anafua ngama, yaani anachota maji yaliyoingia ndani, kwenye chombo kipya kilichotoka kutengenezwa, hiyo si kazi mbaya.

Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Wanaodhani kushona kulikuwa umaskini wa chuma hawajaona chombo kikigonga mchanga kwa wimbi. Cha misumari hupasuka pale msumari uliposhika, cha kushonwa hunyumbuka.

Mzigo usiupite. Boriti za mikoko, mkaa, mbao na vitunguu huja kutoka bara. Boriti ndizo zilizoupima mji: urefu wake unaotumika ni kama mita 3, na vyumba vya nyumba za mawe vikawa vyembamba kiasi hicho, virefu upande mmoja tu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliivunja kanuni hiyo kwa nguzo na mihimili ya chuma iliyoletwa kwa meli.

Maji yakianza kurudi, tembea barabara ya Mizingani kuelekea kusini. Haifiki kilomita moja na nusu. Utapita zahanati ya zamani ya Tharia Topan, yenye roshani za mbao zilizochongwa, kisha Mtini, kisha Forodha ya zamani, kisha Beit al-Sahel, kasri la masultani. Ukiwa hapo geuka uipe kasri mgongo, utazame bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga kasri kwa muda usiofika saa moja, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama papo hapo mbele yake. Milingoti yake ilibaki juu ya maji hadi ilipovunjwa mwaka 1912. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib nao uliharibiwa siku ile, na mnara wa saa wa baadaye ukajengwa kwenye jumba lenyewe. Miaka 56 kabla ya hapo, bandari hii ilituma Sultana, meli ya Seyyid Said, hadi New York, chini ya Ahmad bin Na'aman. Kwangu safari hiyo ina uzito kuliko mizinga, lakini waongozaji wengi huipita kwa sentensi moja. Makumbusho ya Kasri na Beit al-Amani ya Mnazi Mmoja, ya mwaka 1925, hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati. Ulizia siku hiyo hiyo kabla ya kupanga.

Ukitaka kuona chombo kikizaliwa, nenda Nungwi kwa daladala namba 116. Tazama mafundi wanavyochagua mitondoo na miembe iliyopinda kiasili kwa ajili ya mataruma, mbavu za chombo. Mti ulionyooka ukikatwa kwa umbo la pinde, nyuzi zake hukatika na taruma huvunjika. Nenda asubuhi, maana kazi husimama adhuhuri, na Ijumaa mapema zaidi.

Mashua za kisiwa cha Changuu huondoka ufukweni karibu na Mtini. Patana bei ya chombo kizima, si ya kichwa, na useme wazi kwamba ni kwenda, kungoja na kurudi. Hakikisha kila mtu ana jaketi la kujiokolea kabla ya kamba kufunguliwa. Siku za bamvua usirudi maji yakiwa yamekupwa, kwani mashua haitafika pwani, nawe utamalizia kwa kuvuka maji ya magoti juu ya mawe na vigae. Kutoka mjini, mwenye siku ya ziada avuke hadi Mkoani, Pemba, aende ngome ya Chake Chake yenye makumbusho madogo. Kati ya Ras Nungwi na Pemba ni kama kilomita 50 za bahari wazi. Wakati wa kusi, Aprili hadi Septemba, kaa chini, katikati, karibu na nyuma, na kula muhogo mkavu kabla ya kupanda, si mchuzi.