Nia ya Kujitambua Ndotoni

Tangu nianze kujifunza kujitambua ndotoni, yaani kujua kwamba ninaota huku nikiwa bado usingizini, nimezidi kuamini kwamba kazi yenyewe ni ya kumbukumbu. Ndoto haiamrishwi. Anayeitafuta hujiwekea nia ya kukumbuka jambo baadaye, kama mtu aliyetumwa maziwa anavyopaswa kulikumbuka duka akiwa njiani.

Mbinu ya Stephen LaBerge, aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Stanford, imejengwa juu ya nia hiyo. Ukiamka, unaipitia ndoto yako yote, unatafuta ndani yake jambo lisilowezekana, kisha unajiambia, “Nikiota tena, nitakumbuka kwamba ninaota,” huku ukijiona umerudi katika ndoto ile ile na kulitambua jambo hilo. Kwangu jambo hilo ni nyanya yangu, ambaye ni marehemu. Huketi jikoni mwangu hapa Eastleigh, nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga, akichekecha chai ya tangawizi, nami hupokea kikombe bila kushangaa hata kidogo.

Wakati nao una uzito wake. Usingizi wa ndoto nyingi hurudi takriban kila dakika 90 na hurefuka kuelekea asubuhi, kwa hiyo adhana ya alfajiri huniamsha wakati mwafaka kabisa: nikishaswali, naandika ndoto daftarini, kisha narudi kulala na nia yangu. Siku za kazi ya mapema sijaribu, kwa sababu usingizi wenyewe una haki yake.

Mchana, nikiwa Moi Avenue, husoma kibao cha matatu, nikageuza macho, nikakisoma tena, kwa kuwa maandishi ya ndotoni mara nyingi hubadilika. Zoezi hili likifanywa kwa mazoea tu halifai kitu. Lazima nijiulize kwa dhati kama niko macho.

Wanaodhani haya ni mawazo matupu wakumbuke kwamba mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alirekodi ishara za macho alizozitoa Alan Worsley kwa makusudi akiwa ndotoni, kwani macho husogea hata misuli mingine ya mwili inapolegea.

Juzi nilimtambua nyanya, lakini furaha ikaniamsha papo hapo. LaBerge hushauri kusugua viganja ili ndoto isikatike. Safari ijayo nitaanza na hilo, ndipo nimwamkie.