Minazi ya Shangazi

Mwaka 2014 nilinunua nusu eka upande wa Matuga, Pwani ya Kenya, bila dalali. Si ujanja. Dalali wa kwanza alinipeleka shamba ambalo, nilipofanya sachi, yaani kuangalia kwenye rejista ya ardhi ni la nani, jina lililotoka silo alilonitajia. Wa pili alitaka pesa ya kuonyeshwa kabla sijaona hata jani. Nikasema basi, nitajitafutia.

Mwenye shamba nilielekezwa na fundi wangu wa Likoni. Mzee wa Kidigo, mpole, tasbihi haimtoki mkononi. Jumamosi nikavuka feri, nikapanda matatu, nikashukia Kombani. Alinikaribisha kwa madafu, na kabla ya kutaja bei akanizungusha mipakani: hapa mkorosho, pale ua wa minyaa, huku bikoni, alama ya mpaka, imezama majanini. Bikoni ya nne haikuonekana.

"Ipo, mwanangu."

"Mzee, naomba niione."

Akacheka, akamwita mjukuu na jembe. Wakachimba kama nusu saa, ikatokea ubavuni mwa kichuguu.

Jumatatu nikaenda ofisi ya ardhi Kwale. Sachi ikatoka safi: jina ni lake, benki haidai, hakuna zuio. Nilirudi Mombasa nikipiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata tukakaa mkekani kukubaliana bei. Akaja bibi mtu mzima, amejitanda leso, akaketi bila hata hodi.

"Na minazi yangu je?"

Mzee akainamisha kichwa. Kumbe minazi 11 ya upande wa kisima ilipandwa na mama yao, akaachiwa binti, huyu dada yake. Huku Pwani ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na hati miliki haigusii mnazi hata mmoja. Sachi yangu ningeirudia mara mia nisijue. (Dalali angejua, naamini. Kusema ndiko nisikokuamini.)

Nilimwamkia upya. "Shikamoo, shangazi. Twende tukaihesabu."

Tukaihesabu mnazi kwa mnazi, yeye mbele, akinieleza upi huzaa sana na upi umezeeka. Mchana ulituishia hapo. Pesa za minazi yote hakuzitaka, alitaka nazi. Mwisho akaniuzia minazi 7, na 4 iliyo karibu zaidi na kisima ikabaki yake maisha yake yote, na njia ya kuifikia pia. Mzee alinuna kidogo, maana alitarajia kuuza vyote pamoja, lakini hakubisha.

Wakili mjini aliyaandika hayo yote kwenye makubaliano, shangazi akatia dole gumba. Wakili akanionya pia kwamba hili ni shamba la kilimo: maombi ya kibali cha bodi ya ardhi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kutia sahihi, ama makubaliano yawe batili. Bodini mke wa mzee aliulizwa kama anaridhia. "Naridhia," akajibu, akaangalia saa. Ushuru wa stempu nikalipa asilimia 2, ya mashambani. Mjini ingekuwa 4.

Hati ilichukua miezi. Shangazi hakuingoja. Nilipokwenda kuanza kufyeka nilimkuta mkwezi wake yuko juu, yeye chini akipiga kelele ni nazi ipi iangushwe. Hadi leo haniombi ruhusa. Akimaliza kuangua huniachia nazi mbili mlangoni, na moja, siku zote, huwa koroma.